Rafiki Aliyenikazia Injini

Nina umri wa miaka thelathini na tatu. Sina mke, sina gari, na Jumanne iliyopita asubuhi nilitoka nyumbani kwangu Langas, hapa Eldoret, bila kujua ninakoenda. Nilibeba begi moja, nikamwachia jirani ufunguo, nikashika barabara ya kuelekea Soy kwa miguu. Sina mtu wangu huko Soy. Nilichagua barabara hiyo kwa sababu haipiti Moiben... na Moiben ndiko aliko msichana ambaye angekuwa mke wangu.

Wasomaji wenzangu, msinihurumie bado. Nisikilizeni kwanza. Ninaandika haya nikiwa na hasira, na sitawaficha hilo. Mtu anayeitwa Kanyi alinimaliza. Nami nikammaliza. Lakini aliyeumia zaidi ni nani? Mtaamua wenyewe.

Niliacha shule nikiwa darasa la saba. Sikufukuzwa wala sikukosa karo. Nilikuwa nikiona malori ya mahindi yakipita kando ya uwanja wa shule, na nikawa sisikii tena mwalimu anasema nini, nawaza tu yale malori yanaishia wapi. Siku moja nikapanda moja. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama. Nimechoma makaa, nimepakua mbolea, nimechunga kuku wa mzungu Naivasha, nimeuza miwani ya jua Nakuru. Kila nilipofika nilitaka kujua kitu kinafanyaje kazi. Redio nilizifungua. Pampu za maji nilizifungua. Baiskeli za watu nilizifungua, zingine bila ruhusa!

Eldoret ndipo miguu yangu ilipotulia, na aliyeituliza ni Jepkosgei.

Jepkosgei ni fundi wa cherehani. Alikuwa na kibanda karibu na soko, na nilikwenda kwake kushonewa suruali iliyochanika magotini. Aliitazama suruali, akanitazama mimi, akauliza, "Hii ni suruali ama ni neti ya mbu?" Nilicheka mpaka nikasahau kilichonipeleka. Nilirudi kesho yake na shati ambalo nilikuwa nimelichana mwenyewe. Alijua. Alilishona tu huku akitabasamu.

Basi tukapendana. Kwao ni Moiben, wakulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Baba yake, Mzee Sawe, aliponiona mara ya kwanza aliniuliza swali moja tu: "Kijana, umekaa mahali pamoja muda mrefu zaidi wapi?" Nilianza kuhesabu miji kwa vidole. Mzee akatikisa kichwa. Mama yake Jepkosgei ndiye aliyeniokoa. Alisema, "Mpe kazi ya kukaa, atakaa."

Na kazi hiyo ikapatikana. Wakulima wa upande wao walihitaji gari ya kuchukua maziwa kila asubuhi kutoka kwenye maboma hadi mjini. Nilikuwa na pikap kuukuu niliyokuwa nimeinunua baada ya miaka ya kujinyima. Nikaanza kubeba maziwa. Kila asubuhi, mvua ama jua, nilikuwa pale. Mzee Sawe akaanza kuniita kwa jina langu, Ndung'u. Kabla ya hapo alikuwa akiniita "huyo kijana."

Kisha pikap ikaanza kutoa moshi.

Ulikuwa moshi wa bluu, mzito, wa kuchoma oili. Wakulima wakalalamika kwamba maziwa yao yanafika mjini yakinuka gari. Mzee Sawe akaniita kando na kuniambia jambo ambalo sitalisahau. Alisema, "Ndung'u, tengeneza hiyo gari. Ikiwa sawa, mje na wazee wako Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi, tuongee mambo ya msichana. Na maziwa yatakungoja. Lakini nisione moshi tena hapa kwangu."

Mnaelewa, wasomaji? Injini hiyo haikuwa chuma tu. Ilikuwa ndoa yangu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mtu kuniambia kwamba kuna mahali nangojewa.

Niliamua kuitoa injini mwenyewe, nyumbani. Watu walinicheka. Mbona usipeleke gereji? Lakini nilikuwa nimezunguka gereji nyingi nikiwatazama mafundi, na nilitaka kuona kilicho ndani kwa macho yangu. Na tena, nilikuwa na Kanyi.

Kanyi alikuwa jirani yangu kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, mlango wa pili kutoka wangu. Yeye ndiye aliyenitafutia chumba nilipofika Eldoret. Alikuwa amefanya kazi gereji kabla ya kununua pikap yake ya kubebea kabeji. Tulikuwa tukila sahani moja. Nilipougua malaria, Kanyi ndiye aliyenipikia uji. Ningemshukuje mtu kama huyo? Ningeanzia wapi?

Tulisimamisha miti mitatu ya mkaratusi katikati ya ua, tukaifunga juu kwa mnyororo, tukaning'iniza chenibloki ya kuinulia. Nilifungua boneti nikaiweka kando. Nikatoa oili, nikatoa rejeta, nikafungua mabomba. Jepkosgei alikuja na vipande vya vitambaa vya rangi, na kila waya niliyochomoa tuliifunga kitambaa chake, nyekundu na nyekundu, manjano na manjano, ili nisije nikapotea wakati wa kurudisha. Nati nilizipanga kwenye mikebe ya siagi. Injini ilipoinuka kutoka kwenye gari na kubaki ikining'inia hewani, ikidondosha mafuta, wanawake wa ploti walipiga vigelegele kama mtoto amezaliwa!

Mama Ciru, jirani yetu ambaye hawezi kunyamaza hata usingizini, alipiga kelele, "Ndung'u! Sasa umeitoa, utairudisha, ama unataka tuanike nguo hapo?"

"Mtaanika nguo leo, kesho nitairudisha," nikamjibu. Na kweli walianika. Kwa siku nyingi ile miti mitatu ilikuwa na shuka za watoto upande huu na injini yangu upande ule.

Sasa niwaeleze jambo moja la kiufundi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa uovu wa Kanyi.

Ndani ya injini kuna mikono ya chuma inayoshika pistoni. Mafundi huiita konrodi. Kila mkono una kofia yake chini, inayofungwa kwa nati mbili kuzunguka mtaimbo unaozungushwa na pistoni hizo. Kofia hizo ukizitazama utadhani zinafanana. Hazifanani! Kila kofia ilichongwa pamoja na mkono wake kiwandani. Ukiipeleka kofia kwa mkono mwingine, itaingia, nati zitakaza, na nje hutaona kitu. Lakini ndani itabana vibaya, na siku moja itakula chuma.

Mimi nililijua hilo. Sikulisoma shuleni, niliwaona mafundi wakigombana juu yake. Kwa hiyo kabla ya kufungua, nilichukua msumari wa chuma na nyundo nikapiga nukta. Mkono wa kwanza nukta moja, na kofia yake nukta moja. Wa pili mbili na mbili. Hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Kanyi alikuwa amesimama hapo akinitazama.

"Ndush, wewe ni mkali," alisema. "Hata mimi huwa nasahau hiyo."

Aliniita Ndush, kama ndugu...

Nilibadilisha ringi za pistoni, ndizo zilizokuwa zikipitisha oili. Nikasugua kila kitu kwa dizeli mpaka mikono ikapasuka. Siku ya kurudisha, nilitia pistoni zote, nikaweka kila kofia mahali pake, nukta kwa nukta, nikazishika kwa vidole tu kabla ya kukaza. Ndipo Kanyi akashika kichwa akisema, "Aii! Tumesahau gasketi ya juu. Kimbia town kabla maduka hayajafungwa. Mimi nitakazia hizi."

Nilikimbia. Niliporudi, injini ilikuwa imefungwa chini. Sampu, lile bakuli la kushika oili, ilikuwa imeshabandikwa, gundi imekauka, nati zote zimekazwa. Kanyi alikuwa amekaa kwenye jerikeni akinywa chai.

"Nimekusaidia, Ndush. Umebakisha kuoa tu," akasema.

Nilimkumbatia! Nilimkumbatia kwa mikono yenye grisi nikachafua shati lake, naye akacheka. Kila nikikumbuka kicheko hicho, meno yangu yanasagana yenyewe.

Injini iliporudi ndani ya gari, ilikataa kuzunguka. Starta ilipiga "tk!" ikanyamaza. Nilishika spana kubwa kwenye puli ya mbele nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ilisogea kidogo tu, kama jiwe la kusagia. Nilimwambia Kanyi kwamba kuna kitu kinabana.

Akanicheka. "Wewe hujui injini mpya? Ukiifungua ukaifunga, lazima ikaze. Tutaivuta na kamba. Itafunguka yenyewe barabarani."

Yeyote aliyewahi kukaa karibu na gereji za huku kwetu ameyasikia maneno hayo. Itafunguka yenyewe. Kila fundi husema hivyo, na kila mwenye gari hukubali. Wapo watu wengi ambao magari yao yalikataa kuwaka baada ya kutengenezwa, yakavutwa kwa kamba, yakawaka, na wakashukuru Mungu. Nami nilikubali. Mimi, mtu ambaye maisha yangu yote nimefungua vitu ili nione ndani, siku hiyo sikufungua! Sampu ilikuwa na nati chache tu. Ningeishusha ningeona. Kwa nini sikuishusha? Kwa sababu aliyesema ni rafiki yangu.

Kamba ikafungwa kwenye pikap ya Kanyi. Ploti nzima ikatoka nje. "Weka gia ya pili! Achilia klachi!" Magurudumu yakaburuta kwenye udongo... yakaburuta... kisha ikawaka! Hakukuwa na moshi wowote wa bluu. Watoto walikimbia nyuma yangu hadi barabara ya lami. Mama Ciru aliimba. Jepkosgei alipopigiwa simu alilia kwa furaha.

Jumamosi ikafika.

Nilivaa suti ya kuazima. Wajomba zangu wawili walikuja kutoka Nyahururu kuwa wazee wangu. Tulipakia blanketi za mama mkwe, kreti za soda, sukari, unga, na Mama Ciru na wanawake wenzake wakakaa nyuma kwenye viti vya plastiki wakiimba. Tulipita Chepkoilel, wanafunzi wa chuo cha pale wakatupungia mikono. Nilijiona mtu. Nilijiambia, leo miguu yangu imefika.

Baada ya hapo kuna mlima mdogo. Si mlima wa kumtisha mtu. Injini ikaanza kugonga. Kwanza polepole, kama mtu anayebisha mlango. Nilipunguza mwendo. Ikagonga zaidi. Mjomba aliyekaa karibu nami akaniuliza, "Hiyo ni nini?" Kabla sijajibu, ukasikika mlio kama wa bunduki, magurudumu yakakwama ghafla, na Mama Ciru na kiti chake wakaja mpaka kwenye kioo cha nyuma!

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini injini ilikuwa imekufa. Oili ilitiririka barabarani nyeusi kama damu ya mnyama. Nilishuka nikasimama pale na suti yangu, nikitazama. Nilitaka kulia lakini wazee walikuwepo.

Na nani alitokea nyuma yetu? Kanyi! Na pikap yake ilikuwa imeoshwa, haikuwa na jani moja la kabeji. Naye alikuwa na suti.

"Pole sana, Ndush," alisema. "Mungu ni mwema, nimepita wakati mzuri. Wazee na kina mama wapande na mizigo, tusikose saa. Wewe kaa na gari isije ikafunguliwa na wezi. Nitarudi kukuchukua."

Niambieni, wasomaji, mtu anayebeba kabeji anapita njia ya Moiben Jumamosi akiwa na suti akienda wapi? Lakini wakati ule sikuuliza. Nilimshukuru! Niliwasukuma wajomba zangu kwa mikono yangu ndani ya gari ya adui.

Kanyi hakurudi. Nilikaa kwenye nyasi kando ya barabara mpaka jua likaanza kushuka. Simu ya Jepkosgei haikushikwa. Kilichotokea kule nilisimuliwa baadaye na Mama Ciru, na alikisimulia bila mzaha hata mmoja, ndipo nikajua kilikuwa kibaya.

Pikap ilipoingia bomani, kina mama walitoka wakiimba. Walimwona kijana mwenye suti akishuka na blanketi mikononi. Wasiomjua bwana harusi wakamzunguka Kanyi, wakamwimbia yeye! Naye hakuwakatiza mara moja. Alisimama akitabasamu, akaimbiwa wimbo wangu wote. Walipouliza Ndung'u yuko wapi, akasema kwa sauti ya masikitiko, "Gari yake imekataa. Nilimwambia apeleke gereji, lakini Ndung'u hasikii. Anapenda kujaribu jaribu vitu."

Mzee Sawe aliweka kikombe chini. Akasema mazungumzo ya msichana hayawezi kufanywa na mtu aliyeachwa barabarani. Akawalisha wageni kwa heshima, akawaaga. Na kabla Kanyi hajaondoka, akawa ameshawaahidi wakulima kwamba Jumatatu atakuja kubeba maziwa.

Nilivutwa hadi nyumbani na trekta ya mtu. Kesho yake nililala chini ya gari nikashusha sampu.

Kofia yenye nukta mbili ilikuwa kwenye mkono wenye nukta tatu. Yenye nukta tatu ilikuwa kwenye mkono wa mbili. Beringi, vile vipande laini vya ndani ya kofia, zilikuwa zimesagika na kuwa unga.

Nilibaki pale chini nikizitazama zile nukta zangu mwenyewe. Nilizipiga kwa mkono wangu ili nisikosee, na mtu akazitumia kama ramani ya kuniua. Hakubahatisha. Alijua hasa cha kubadilisha.

Nilimwendea Kanyi na zile kofia mkononi. Alikuwa akiosha mikebe ya maziwa mlangoni pake. Ile niliyokuwa nikibeba mimi!

"Ni nini hii, Kanyi?"

Hata hakuziangalia. "Injini ni yako, spana ni zako, nyumba ni yako. Mimi nilikaza tu."

"Uliniambia nikimbie town..."

Akainuka, akakaribia sikio langu, akasema polepole, "Wewe ulifikiri nitabeba kabeji mpaka lini?"

Kisha akainua sauti ili majirani wasikie: "Pole bwana, mashine ni ya wenye kusomea!"

Nilimwambia Jepkosgei kila kitu. Aliniamini. Alilia, akazishika zile kofia, akaniomba nikae kimya. Alisema angezungumza na mama yake, na mama yake angezungumza na Mzee. "Nipe muda tu, Ndung'u. Usifanye kitu." Nilimwahidi.

Lakini mnajua kukaa mlango wa pili na mtu kama huyo? Kila asubuhi nilisikia pikap yake ikiwaka ikielekea Moiben. Kila asubuhi! Akirudi ananisalimia, "Niaje Ndush, injini imefunguka?" Wengine wakicheka. Nilikuwa nakula chakula hakina ladha. Nilikuwa nikimtazama na nikijua, bolti kwa bolti, kila kitu kilicho chini ya boneti yake.

Jumapili moja ploti nzima ilikwenda kanisani. Kanyi alikuwa amemaliza maziwa, akaoga, akavaa ile suti, akatembea na wenzake. Pikap aliiacha karibu na ile miti yangu mitatu ya mkaratusi ambayo hakuna aliyekuwa ameing'oa. Mlango wake wa dereva haukuwahi kufungika vizuri.

Niliitazama gari. Nikaitazama miti.

Niliburuta miti mguu kwa mguu mpaka ikasimama juu ya boneti yake. Nikatandaza spana. Wasomaji, kazi ilikwenda haraka! Mara ya kwanza kazi hiyo ilinichukua siku nzima na watu wa kunishikia. Sasa nilikuwa nimeshaijua. Rejeta, mabomba, waya, nati za gia-boksi. Waya sikuzifunga kitambaa. Nilizikata.

Mama Ciru hakuwa amekwenda kanisani, alikuwa na kikohozi. Alitoa kichwa dirishani. "Ndung'u, kwani Kanyi amekubali?"

"Ni yeye amenifunza," nikamwambia.

Injini ya Kanyi ikapanda hewani. Nikaishusha sampu injini ikiwa inaning'inia. Nikafungua kofia za konrodi zote, bila kupiga nukta yoyote, nikazibeba kwenye shuka, nikaenda nazo hadi choo cha shimo nyuma ya ploti. Nikazidondosha moja moja. Nilizisikia zikifika chini. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile!

Injini nikaiteremsha mbele ya mlango wake. Nikafunga boneti vizuri. Nikaoga. Nikakaa kwenye jerikeni nikanywa chai.

Walirudi wakiwa na Biblia mikononi. Kanyi aliiona injini mlangoni pake, na mwanzoni hakuelewa. Alidhani ni yangu! Akacheka, "Ndush, mbona unaniwekea takataka yako hapa?" Kisha akaona rangi ni ya injini yake. Akakimbia akafungua boneti. Ndani mlikuwa na shimo na waya zilizokatwa.

"Kanyi, umeuza injini?" Mama Ciru aliuliza kutoka dirishani.

Watu waliangua kicheko. Kanyi alipiga magoti kwenye oili na suti yake, akapapasa chini ya injini, akakuta konrodi ziko wazi, akaanza kutafuta kwa mikono. "Kofia ziko wapi? Ndung'u, kofia ziko wapi?"

Nikamwambia, "Usijali. Itafunguka yenyewe barabarani."

Alilia mbele ya watu wote. Nami nilifurahi. Sitawadanganya, nilifurahi kama mtu aliyekunywa maji baada ya kiu ya mwaka! Yule aliyeimbiwa wimbo wangu sasa alikuwa analia kwenye oili, na kila mtu alikuwa anaona.

Jioni hiyo hiyo bodaboda ilisimama kwenye geti. Alikuwa Jepkosgei. Alishuka akikimbia, akicheka, kitambaa kimemtoka kichwani.

"Ndung'u! Baba amekubali! Mama amemwambia gari ya mtu yeyote inaweza kuharibika. Amesema mje tena, hata kwa miguu..."

Kisha akaona. Injini chini, Kanyi amekaa kando yake kama mfiwa, watu wamesimama.

"Hii ni nini?"

Watu wakanigeukia mimi. Mama Ciru akafunga dirisha.

"Ni wewe umefanya?"

Nikasema ni mimi. Nikamwambia Kanyi alistahili.

Jepkosgei alinigeukia. Hakupiga kelele. "Kesho asubuhi maziwa ya mama yatabebwa na nani?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Naapa, sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

"Nilimwambia Baba kwamba wewe hukuharibu gari, kwamba uliharibiwa," akaendelea. "Nimemwapia. Sasa wakiuliza ni nani anaharibu injini za watu, nitawaambia nini?"

Nilijaribu kumshika mkono. Aliutoa. Alipanda ile bodaboda bila hata kukaa vizuri, ikageuka, ikaenda.

Jumatatu maziwa yalikaa kwenye mikebe kando ya barabara mpaka yakaganda. Wakulima wakayamwaga. Ya mama yake Jepkosgei, yule mama aliyenitetea tangu siku ya kwanza, yalimwagwa pamoja na mengine. Mzee Sawe hakunitukana. Alituma ujumbe mfupi: blanketi zenu zitarudishwa. Na Kanyi je? Kanyi sasa ndiye anayeonewa huruma! Ndiye aliyeharibiwa. Nikionyesha nukta zangu, watu wanauliza nilizipiga lini.

Ndiyo maana Jumanne nilitoka. Kule mbele ya Soy lori la mahindi lilinionea huruma likanibeba, na dereva aliponiuliza ninaenda wapi nikamwambia anishushe anaposimama kula. Alisimama Matunda. Sijawahi kufika Matunda. Nilizunguka mpaka nikapata lojing'i, nyumba ya wageni ya bei ya chini, vyumba vimepakwa rangi ya kijani, mwenyewe ni mama mnene mwenye sauti ya upole.

Alinipa ufunguo na beseni la maji. Akaona mikono yangu, jinsi oili ilivyoingia kwenye mistari ya ngozi ikakataa kutoka.

"Kijana wangu, wewe ni fundi?" akauliza. "Marehemu mzee wangu aliacha gari hapo nyuma. Inawaka lakini inatoa moshi. Kila mtu ananiambia injini itolewe."

Niliitazama kupitia dirisha. Nilijua shida yake kabla hajamaliza kusema.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Mimi sijui magari."

Nimeandika haya kwenye kitanda cha lojing'i hiyo. Ndugu msomaji, ukifungua injini nyumbani kwako, ifunge mwenyewe. Usitumwe town. Ikibana, usikubali kuambiwa itafunguka yenyewe, hata anayekuambia akiwa amekupikia uji ukiwa mgonjwa. Shusha sampu uone.

Na ukishatendewa kama nilivyotendewa... hapa ndipo ninaposhindwa kuandika. Ningependa kuwaambia msamehe. Siwezi, kwa sababu mimi bado sijasamehe. Kanyi, kama unasoma haya, ujue kwamba nikikumbuka ukitafuta kofia zako kwenye oili, bado natabasamu. Lakini tabasamu hilo haliishi muda mrefu. Baada yake huja Jepkosgei akishuka kwenye bodaboda, anacheka, anakimbia kuniletea habari njema... na mimi nimekaa kwenye jerikeni nakunywa chai.

Kama kuna mtu anayekupenda amekuomba muda, mpe! Nakusihi, mpe. Weka spana chini, uingie ndani ukae.